Pima Kabla ya Kununua: Kompyuta ya Injini ya Gari Lako

Haya ni maneno aliyoyatoa afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wenye magari, madereva wa matatu na teksi, na mafundi wa jua kali. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshe katika jarida.

Najua kwamba mwenye gari aliyekuja hapa asubuhi ya siku ya kazi ameacha pesa barabarani, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nianze kwa kukiri jambo. Mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaandikia ninyi yale ambayo serikali yenu inafanya. Mkurugenzi wetu wa biashara aliponiomba nizungumze nanyi kuhusu kubadilisha kompyuta ya injini, nilicheka. Alijua kwa nini ananiomba mimi. Ofisi nzima ilijua, kwa sababu mwaka uliopita kwa wiki tatu nilikuwa nikija kazini kwa boda boda, gari langu likiwa limelala gereji, na kila asubuhi nilikuwa na hadithi mpya ya kuwasimulia.

Kuna atakayeuliza, kaunti inaingiaje chini ya boneti ya gari langu? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la biashara, pamoja na kuhakikisha kwamba biashara inaendeshwa kwa haki. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Mtu anapolipa maelfu ya shilingi kwa kifaa ambacho gari lake halikuhitaji, hapo pana jambo la kaunti. Na mnunuzi huyo, kama mtakavyosikia, anaweza kuwa hata afisa wa habari.

Sasa, kompyuta ya injini ni nini? Wengine huiita kontrol boksi, mafundi husema isiyu. Ni kisanduku cha bati au plastiki ngumu, ukubwa wake kama kitabu cha shule. Katika magari mengi ya Toyota kinakaa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria tunachowekea karatasi. Katika magari mengine kiko chini ya boneti, karibu na betri, mahali penye joto na maji. Kazi yake ni kusikiliza na kuamuru. Inasikiliza sensa: moja inaeleza kranki imefika wapi katika mzunguko wake, nyingine hewa inayoingia ni kiasi gani, nyingine joto la maji ya injini, nyingine hewa ya oksijeni iliyobaki katika moshi. Halafu inaamuru injekta zimwage petroli kiasi gani na koili zipige moto wakati gani. Hufanya hivyo mara nyingi sana kila sekunde, na ikikosea au ikinyamaza, injini inazima.

Gari langu ni Fielder, la petroli. Lilianza kuzima lenyewe. Kwenye lami lilikuwa sawa, lakini nikiingia barabara ya murram kuelekea nyumbani linakohoa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, kisha kimya. Nangoja dakika mbili, nawasha, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku moja lilizima katikati ya mzunguko wa barabara, lori la mchanga likiwa nyuma yangu, na mwanangu akiwa amekaa kiti cha nyuma. Siku hiyo niliamua sitaliendesha tena mpaka litengenezwe.

Nilienda gereji ambayo sitaitaja. Kijana alichomeka skana, ile mashine ya kusoma makosa, na skrini ikajaa. Sensa ya hewa ilikuwa na kosa, ya joto ilikuwa na kosa, ya kikanyagio cha petroli ilikuwa na kosa, nyingine mbili sikumbuki. Akanionyesha akasema, “Bosi, sensa zote haziwezi kufa siku moja. Hapa kompyuta ndiyo imekwenda.” Mnaona jinsi alivyonishika? Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa kweli kabisa. Sensa tano haziwezi kufa siku moja. Ni ile sehemu ya pili ambayo sikuiuliza swali, mimi ambaye nalipwa mshahara kwa kuuliza maswali.

Kompyuta iliyotumika ilipatikana kwa shilingi 22,000. Ilifungwa, gari likakataa kuwaka kabisa. Kumbe ufunguo wangu una chipu ndani yake, na kompyuta ile ilikuwa ikiujua ufunguo wa gari jingine. Ikabidi aitwe mtaalamu wa kuoanisha ufunguo, shilingi 6,000. Gari likawaka. Niliendesha siku mbili kwa furaha. Siku ya tatu, kwenye murram ile ile, likakohoa, taa ikawaka, kimya.

Mtu aliyenitoa hapo ni mama mmoja fundi wa umeme wa magari, mwenye kibanda chake nyuma ya soko. Yuko hapa leo, ameketi kule nyuma, na amenikataza kumtaja jina. Nilipomwambia nimeshabadilisha kompyuta, hakunicheka. Aliuliza tu, “Mwanangu, kabla ya kununua, mlipima nini?”

Nikamwambia tulitumia skana.

“Skana inasoma. Haipimi.”

Akatoa malitimita, ile mita ndogo yenye waya mwekundu na mweusi ambayo nadhani wengi wenu mmeiona hata kwa mafundi wa redio. Akaniambia niwashe gari huku yeye ameweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, karibu na pale waya wa athi wa kompyuta unapofungwa. Mita ikaonyesha volti 0.9. Akasema inapaswa kuwa karibu na sufuri, na ikipita 0.2 hapo pana shida. Akafuata waya kwa mkono mpaka kwenye bolti yake. Bolti ilikuwa na kutu na ililegea kiasi kwamba niliweza kuizungusha kwa vidole. Aliisugua kwa msasa, akasafisha na kichwa cha waya, akakaza. Tukapima tena, 0.05. Alinitoza shilingi 1,500. Tangu siku hiyo gari halijazima, na mnajua barabara yetu ilivyo.

Nilimwomba anieleze, na naomba mnisikilize hapa, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Sensa hizo zote zinapata umeme wao kutoka kwa kompyuta. Kompyuta huzipa volti 5 zilizopimwa sawasawa, na zote zinarudisha umeme kupitia kompyuta hadi kwenye athi ile moja. Athi ikilegea, kompyuta inasoma vibaya kila kitu kwa wakati mmoja. Sensa hazina kosa, na kompyuta haina kosa pia. Imesimama tu juu ya ardhi inayotikisika. Ni sawa na waandishi kumi kutoka wadi kumi wakinipigia simu, nami siwasikii wote. Siwezi kusema kwamba waandishi wote ni wabaya. Wala sitatupa simu kabla ya kuangalia mtandao.

Kwa nini gari lilienda siku mbili baada ya kubadilishwa kompyuta? Kwa sababu betri ilifunguliwa, nyaya zikavutwa huku na huku, na ile bolti ikashika kidogo. Matengenezo mengi ya bahati huwa hivyo. Kitu kinaguswa, gari linapona kwa muda, na sifa inaenda kwa spea mpya.

Basi kabla hujakubali kununua kompyuta, haya ndiyo ya kupima, na malitimita ya bei ya chini inatosha. Anza na betri. Gari likiwa limepumzika, betri nzima iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6. Ukipiga selfu itashuka, lakini ikishuka chini ya 10 kwa mbali, kompyuta inaweza kujizima yenyewe injini ikiwa bado inazungushwa, na utadhani imekufa. Injini ikinguruma, alteneta inapaswa kupandisha hadi kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Alteneta inayopitisha volti 16 inaua kompyuta, na ukiweka nyingine itaiua nayo. Kisha fyuzi. Usiangalie fyuzi kwa macho tu. Pima pande zote mbili, kwa sababu nyingine zina ufa usioonekana. Baada ya fyuzi kuna rilei kuu inayolisha kompyuta, kifaa cha bei ndogo ambacho hulalamikiwa mara chache kuliko inavyostahili. Halafu pima kwenye soketi ya kompyuta yenyewe, umeme unafika au haufiki? Na athi zake zote, si moja. Fundi mzuri atapima athi injini ikiwa inazungushwa, wakati umeme mwingi unapita, kwa sababu waya uliooza unaweza kupita mtihani ukiwa umepumzika.

Bado kuna zile volti 5. Sensa moja tu ikiungua na kuunganisha waya wake wa volti 5 na athi, zote zinakosa umeme, na magari mengine hata skana haiwezi kuongea na kompyuta. Dawa yake haina gharama. Unachomoa sensa moja moja huku unatazama mita. Ukichomoa ile mbaya, volti 5 zinarudi papo hapo. Mama fundi ameniambia amewahi kuziokoa kompyuta nyingi kwa namna hiyo, bila kuzifungua.

Na nambari za makosa zinazoonyeshwa na skana? Hizo ni malalamiko, hazijawa hukumu. Nambari ikisema sensa ya hewa, inamaanisha habari zinazotoka upande huo hazieleweki. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya wake, soketi iliyoingia maji, au panya aliyetafuna. Magari mengi tunayoendesha yaliingia nchini yakiwa yametumika, na utaratibu wetu hauruhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Lakini likishaingia hatuna haraka ya kuachana nalo. Gari lililokuja na miaka 7 na kukaa hapa miaka 10 lina nyaya za miaka 17, na plastiki ya nyaya hizo karibu na injini inavunjika kama kaukau.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kompyuta hazifi. Zinakufa. Mwezi wa Agosti 2010 kampuni ya Toyota iliyaita magari takriban milioni 1.13 ya aina ya Corolla na Matrix, ya miaka ya 2005 hadi 2008, yaliyouzwa Marekani na Kanada, kwa sababu ya kompyuta ya injini. Ufa ungeweza kutokea kwenye lehemu ndani ya kisanduku, au kwenye kile kipande kinachokinga kompyuta dhidi ya volti kubwa, na gari likakataa kuwaka au likazima likiwa linaenda. Hayo hayakuwa magari yetu haya yanayotoka Japani, lakini yanatuonyesha kwamba hata kiwandani mambo huharibika.

Hapa kwetu adui mkubwa ni maji. Jirani yangu mmoja ni dereva wa teksi. Baada ya mvua za masika gari lake lilianza kutikisika, silinda moja haifanyi kazi, kesho yake mbili. Yeye alipima kwanza, kwa sababu alikuwa amenisikia nikilia kuhusu shilingi zangu 28,000. Betri ilikuwa nzima, athi safi, umeme ulikuwa unafika. Koili zilibadilishana nafasi, lakini tatizo halikuhama nazo. Lilibaki kwenye silinda zile zile. Wakatoa kompyuta, na hata kabla ya kuifungua, pini za soketi zilikuwa zimeota ukijani. Ndani yake bodi ilikuwa na ukungu mweupe. Zulia la mbele ya abiria nalo lilikuwa limelowa, ingawa madirisha yalifungwa. Maji hayo hayakutoka kwenye mvua. Bomba dogo la kutolea maji ya ea kondisheni lilikuwa limeziba kwa vumbi na majani, na maji yalikuwa yakirudi ndani na kupanda kwenye nyaya hadi kwenye kisanduku.

Walizibua lile bomba kwanza. Wakakausha zulia na kusafisha soketi upande wa nyaya. Ndipo wakaanza kutafuta kompyuta. Huo ndio mpangilio, na wengi huupindua. Kompyuta iliyouawa ina muuaji, naye bado yuko ndani ya gari. Kama koili iliyoungua ndiyo iliyochoma transista inayoiendesha, kompyuta mpya itachomwa jioni hiyo hiyo.

Wauaji wengine mnawafahamu. Wa kwanza ni kuwashia gari kwa betri ya gari jingine huku nyaya zimegeuzwa, chanya kwa hasi. Mwingine, na hapa nawatazama wenzetu wa matatu, ni kuchomelea bampa au bodi bila kufungua betri. Umeme wa mashine ya kuchomelea unatafuta njia ya kurudi, na njia moja inapita ndani ya kompyuta. Na vijana wetu wa kuosha magari, ile mashine ya presha hairuhusiwi chini ya boneti. Najua mteja anapenda injini inayong'aa. Mpe kitambaa.

Sasa umepima kila kitu, na imethibitika kompyuta imekufa. Kuna njia tatu. Unaweza kuitengeneza, na wapo mafundi wa elektroniki wanaobadilisha transista au kapasita moja na kukurudishia kisanduku chako kile kile. Kama bodi haijaoza, naona hii ni njia ya kujaribu kwanza, maana ufunguo wako unabaki unajulikana. Unaweza kununua mpya kutoka kwa wakala, ambayo bei yake inamshinda mwenye gari la miaka 15. Au unanunua iliyotumika, kama tunavyofanya wengi.

Ukinunua iliyotumika, soma nambari iliyobandikwa kwenye kisanduku chako cha zamani, herufi kwa herufi. Usikubali “hii ni ya Fielder pia, itaingia.” Itaingia kweli, soketi zinafanana. Lakini katika Toyota nyingi kisanduku hicho hicho ndicho kinachoamuru gia za otomatiki, kwa hivyo cha gari la gia za mkono hakifai la otomatiki. Kuna za magurudumu manne na za mawili. Kuna zenye ulinzi wa chipu ya ufunguo na zisizo nao. Nambari zikilingana, uliza swali la pili kabla ya kutoa pesa. Ufunguo utaoanishwaje, na nani analipa? Jirani yangu aliomba habari zote za kompyuta yake ya zamani zinakiliwe na kuhamishiwa kwenye ile nyingine, na kwa sababu sehemu ya kumbukumbu haikuwa imeguswa na maji, iliwezekana. Gari liliwaka kwa ufunguo wake wa kawaida, bila mtaalamu mwingine. Ndiyo maana nasema, usiitupe ile mbovu na usiiache kwa fundi. Hata ikiwa imekufa, inaweza kubeba kumbukumbu unayoihitaji.

Kuifunga yenyewe ni kazi fupi. Hasi ya betri inafunguliwa kwanza, watu wangoje dakika chache, na asiyekuwa na kazi asiguse pini za soketi kwa vidole, kwa sababu hata umeme mdogo wa nguo zetu unaweza kudhuru. Soketi zinasukumwa mpaka kufuli zake zishike. Ukirudisha betri, usishtuke injini ikinguruma vibaya mwanzoni. Kompyuta inajifunza upya hewa ya injini hii na kikanyagio hiki. Gari nyingine zinajifunza zenyewe kwa kuendeshwa, nyingine zinahitaji skana. Iendeshe siku kadhaa kwenye barabara yako mbaya zaidi kabla ya kusema kazi imeisha.

Nirudi kwenye kompyuta yangu, kwa sababu kuna kipande sijawaambia.

Siku ile mama fundi alipokuwa akiipima, aliniuliza kama ilikuja na mikia. Sikuelewa. Akasema, “Ilipoletwa, soketi zilikuwa bado zimechomekwa, na nyaya fupi zimekatwa?” Nikakumbuka. Kijana wa gereji alichomoa soketi mbili zenye nyaya kama urefu wa kidole, zimekatwa kwa kisu, akazitupa kwenye pipa. Nilikuwa nimesimama pale, nikaona, na sikuuliza.

Mtu anayevunja gari lililopata ajali ana nafasi ya kuchomoa soketi taratibu, ingawa wapo wanaokata kwa haraka, kwa hivyo mkia peke yake si ushahidi. Lakini mwizi aliyevunja dirisha usiku hana nafasi. Hukata na kukimbia. Wako watu katika chumba hiki walioamka asubuhi na kukuta kioo kimevunjwa, nyaya zinaning'inia, na gari halisogei. Kwa mtu wa teksi, hiyo ni wiki nzima bila unga. Na yule mwizi alikata kwa sababu anajua kuna mtu kama mimi atakayenunua bila kuuliza.

Nilikipeleka kisanduku kituo cha polisi nikaandikisha kwenye OB, pamoja na nambari zake na mahali nilipokinunua. Hakujatokea mtu wa kukidai. Kompyuta yangu halisi, ile nzima iliyoondolewa bila kosa, niliirudia gereji, nikaambiwa ilishauzwa. Kwa hivyo hadi leo naendesha kwa kompyuta ya mtu nisiyemjua, na sina la kuwaambia la kulifanya hilo liwe jepesi.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi. Anayepokea akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Risiti yenye jina la duka, nambari ya kisanduku na tarehe ni kinga yako. Muuzaji akikataa kuandika nambari kwenye risiti, amekupa jibu tayari. Na wewe mwenye gari, leo ukifika nyumbani, piga picha ya nambari ya kompyuta yako uiweke kwenye simu. Ikiibwa, utakuwa na kitu cha kuwapa polisi.

Kuna na Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012, ambayo wengi hawajui kwamba ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Unayo haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza. Kazi isiyoidhinishwa nawe haitozwi. Na sehemu zilizoondolewa kwenye gari lako ni zako, urudishiwe ukitaka. Kama ningejua hilo mwaka uliopita, ningeondoka na kompyuta yangu mkononi. Mkishindwa kuelewana na gereji, Mahakama ya Madai Madogo, mahali ilipofunguliwa, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Lakini njooni kwanza ofisi ya biashara ya kaunti, chini hapa, mlango wa pili. Kesi nyingi huisha pale pande mbili zikikaa na karatasi mezani.

Mafundi, msinikasirikie. Najua mteja anakuja akiwa na haraka, anataka jibu ndani ya dakika kumi, na hataki kulipia kupimwa. Analipia spea tu, kwa sababu spea anaiona. Sisi wenye magari ndio tuliowafundisha hivyo. Mama fundi alitumia saa moja na nusu kwa gari langu na hakuuza chochote. Nikimlipa kwa bolti iliyokazwa, hiyo ni shilingi 50. Kwa hivyo tukubaliane hapa hapa kwamba kupima ni kazi, na kazi hulipwa, hata kama mwishoni hakuna kilichobadilishwa. Fundi naye aandike vipimo alivyopata kwenye karatasi, volti ngapi, wapi, injini ikiwa katika hali gani. Nikiwa na karatasi hiyo naweza kwenda kwa fundi mwingine na kumwuliza anaonaje.

Nimemaliza maneno yangu. Gari langu liko hapo nje chini ya mti, boneti wazi. Mama fundi amekubali kuonyesha jinsi ya kupima athi, na ameomba wajitokeze watu wawili ambao hawajawahi kushika malitimita. Mzee pale mbele, naona umeinua mkono. Karibu, tutangulie.